Devon, kisiwa kisichokuwa na mkazi lakini chenye wenyewe

UKIITAZAMA ramani ya dunia iliyobandikwa ukutani, kule juu kabisa ambako karatasi inakaribia kukwisha, utaona visiwa vya Kanada vimesongamana kama vigae vya chungu kilichovunjika. Kimojawapo kinaitwa Devon. Ukubwa wake ni kilomita mraba 55,247. Nchi za Rwanda na Burundi zikiunganishwa zinaenea ndani yake na nafasi ikabaki.

Tofauti ni kwamba nchi hizo mbili zina zaidi ya watu milioni 20 kwa jumla, ilhali Devon haina hata mmoja. Hakuna kijiji, hakuna duka, hakuna barabara wala bandari inayofanya kazi. Ndiyo maana wanajiografia hukitaja kuwa kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani visivyokaliwa na binadamu.

Sifa hiyo imerudiwa mara nyingi mno hata ikawa kana kwamba ndiyo maelezo yote. Kwa hakika inaficha zaidi ya inavyofichua. Binadamu wamekanyaga ardhi ya Devon kwa muda wa miaka ipatayo 4,000. Wengine walikwenda kwa hiari wakifuata mawindo, wengine walipotelea huko wakitafuta njia ya meli, na wengine walipelekwa na kuachwa kwa sababu wakubwa waliokuwa mbali walitaka bendera yao iwe na watu chini yake. Utupu wa leo una sababu zake, na sababu ya kwanza ni umbo la kisiwa chenyewe.

Devon kiko kwenye latitudo ya nyuzi 75 kaskazini, ndani kabisa ya ukanda wa Aktiki. Upande wa kusini kinatenganishwa na kisiwa cha Baffin na Mlango wa Bahari wa Lancaster. Kaskazini kuna Mlango wa Jones, na ng'ambo yake ni kisiwa cha Ellesmere, ambacho ndicho cha mwisho kabla ya bahari iliyoganda ya ncha ya dunia. Mashariki ni Ghuba ya Baffin na baada yake Greenland. Magharibi, ng'ambo ya mkondo wa Wellington, ni kisiwa kidogo cha Cornwallis. Eneo zima ni sehemu ya Nunavut, jimbo lililoundwa rasmi mnamo Aprili 1, 1999 na ambalo wakazi wake wengi ni wa jamii ya Wainuit.

Jina Devon lilitolewa na nahodha Mwingereza William Edward Parry katika msafara wake wa 1819 na 1820, kwa heshima ya jimbo moja la kwao Uingereza. Wainuit walikuwa na jina lao kabla ya hapo. Wao hukiita Tallurutit, jina linalotokana na neno la kidevu. Hapo kale wanawake wa Kiinuit walichanjwa chale kidevuni, mistari inayoshuka kutoka mdomoni, na miamba ya Devon ikitazamwa kutoka baharini huonyesha mistari kama hiyo iteremkayo kuelekea majini. Mlango wa Lancaster nao huitwa Tallurutiup Imanga, yaani maji yanayokizunguka kisiwa hicho cha chale. Haihitaji elimu kubwa kung'amua ni nani kati ya pande hizo mbili aliyekuwa amekiangalia kisiwa chenyewe wakati wa kukipa jina.

Barafu mashariki, mawe magharibi

Kisiwa hiki kina sura mbili zisizofanana. Upande wa mashariki umelaliwa na kuba la barafu lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 12,000, ambalo kilele chake kimeinuka kadiri ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Katika sehemu nyingi unene wa barafu hiyo hupita mita 500. Chini yake kuna miamba migumu ya kale sana, ya jamii moja na ile inayofanya msingi wa bara zima la Amerika Kaskazini. Pembezoni mwa kuba, mito ya barafu hushuka polepole kupitia mabonde hadi baharini, na huko vipande vyake hukatika na kuelea.

Kuba hili limekuwa darasa la wanasayansi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, walipoanza kupima kila mwaka ni kiasi gani cha theluji kinachoongezeka na ni kiasi gani kinachoyeyuka. Kumbukumbu hizo ni miongoni mwa zile ndefu zaidi katika Aktiki ya Kanada. Zinaonyesha barafu ikipungua, na kasi ya kupungua ikizidi tangu mwaka wa 2005 hivi, majira ya joto yalipoanza kuwa makali kuliko ilivyozoeleka.

Hata penye vipimo vingi, barafu hiyo bado huwatega wataalamu. Mnamo 2018 watafiti walitangaza kwamba mawimbi ya rada yamegundua maziwa mawili ya maji ya chumvi kali chini ya kuba. Habari hizo zilishangiliwa, kwani maji yaliyofungiwa gizani kwa muda mrefu huenda yakawa na viumbe. Watafiti waliporejea na vyombo vya kupima mitetemo ya ardhi, hawakuona dalili ya maji. Matokeo yao yaliyochapishwa 2024 yalieleza kuwa kilichodhaniwa kuwa ziwa yamkini ni udongo ulioganda tu.

Ukiiacha barafu na kuelekea magharibi, nchi hubadilika. Hapo kuna uwanda wa juu wa mawe ya chokaa, mkavu, uliokwanguliwa na kupasuliwa na baridi hadi ukawa kokoto. Mtu aweza kutembea kutwa nzima asione jani. Udongo wa chini umeganda daima. Wakati wa kiangazi ni tabaka jembamba la juu tu linaloyeyuka, na maji yake hayana pa kuzama.

Pamoja na barafu yote hiyo, Devon kimo katika jangwa. Kituo cha hali ya hewa cha Resolute, kwenye kisiwa jirani cha Cornwallis, hupokea wastani wa milimita 160 hivi za mvua na theluji kwa mwaka, kiasi kisichofikia hata kile cha Lodwar. Barafu haikukusanyika kwa wingi wa theluji bali kwa sababu theluji kidogo inayoanguka haipati joto la kuiondoa. Mwezi wa Julai, ambao ndio wa joto zaidi, wastani hauzidi nyuzi 5 za Selsiasi. Februari hushuka chini ya nyuzi 30 za kuganda. Tangu mapema Novemba hadi mapema Februari jua halichomozi kabisa, na kuanzia mwisho wa Aprili hadi katikati ya Agosti halitui.

Kuna mahali pachache palipoponea. Maarufu zaidi ni bonde tambarare la Truelove katika pwani ya kaskazini mashariki, lenye ukubwa wa kilomita mraba 43 tu. Hapo maji ya theluji hukwama nyuma ya matuta ya changarawe na kufanya vinamasi. Nyasi humea, ukoga wa kijani hutanda, na vichaka vya mti wa wilo hutambaa ardhini bila kufikia hata goti. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kundi la watafiti chini ya Lawrence Bliss wa Chuo Kikuu cha Alberta lilihesabu karibu kila kitu kinachoishi humo. Mnyama mkubwa wa bonde hilo ni maskoksi, anayefanana na nyati mfupi aliyevikwa blanketi la manyoya marefu hadi kwenye kwato.

Matuta hayo ya changarawe yana kisa chake. Ni fuo za kale za bahari. Zama za barafu kuu, uzito wa barafu uliididimiza ardhi kama mtu anavyolididimiza godoro. Mzigo ulipoondoka, ardhi ikaanza kuinuka polepole, na kila ufuo ukaachwa juu ya ule uliofuata. Kwa kuwa wawindaji wa kale walipiga kambi karibu na maji, kambi kongwe ndizo zilizo juu zaidi leo. Katika eneo la Port Refuge kwenye Rasi ya Grinnell, kaskazini magharibi mwa kisiwa, mwanaakiolojia Robert McGhee alichunguza mabaki ya watu waliofika huko takriban miaka 4,000 iliyopita. Miongo mingi ya historia ya binadamu imepangwa pale kama ngazi.

Kifaru wa Aktiki

Katikati ya uwanda wa magharibi kuna shimo kubwa lenye upana wa takriban kilomita 23. Hiyo ndiyo kasoko ya Haughton, iliyofanywa na kimondo kilichotoka angani na kuigonga ardhi. Umri wake umebishaniwa. Kwa muda ilidhaniwa ni miaka milioni 23, baadaye milioni 39, na vipimo vya karibuni vinaelekea miaka milioni 31 hivi. Baadaye maji yalijaa ndani ya shimo na kufanya ziwa, na tope la ziwa hilo likahifadhi mifupa ya wanyama walioishi kandokando yake yapata miaka milioni 23 iliyopita, wakati Devon ilikuwa nchi yenye misitu na majira ya wastani.

Mnamo 2007, kundi la watafiti wakiongozwa na Natalia Rybczynski liliishiwa petroli katika mojawapo ya magari yao madogo ndani ya kasoko. Walipokuwa wakisubiri, mmoja wao aliona mfupa. Uchimbaji ulitoa mifupa ya mnyama wa urefu wa mita moja hivi, mwenye miguu minne na vidole vilivyounganishwa kwa ngozi kama vya bata. Alipewa jina la Puijila darwini mwaka wa 2009, na alitambuliwa kuwa wa ukoo wa sili, katika hatua ambayo sili walikuwa bado wanatembea nchi kavu.

Ugunduzi mwingine ulichukua muda mrefu zaidi kueleweka. Mnamo 1986, mtaalamu wa visukuku Mary Dawson alifukua mifupa ya kifaru katika kasoko hiyo hiyo. Karibu robo tatu ya mifupa yote ya mnyama huyo ilipatikana, jambo la nadra. Lakini ni Oktoba 2025 tu alipotangazwa rasmi kuwa wa aina mpya, Epiaceratherium itjilik. Neno itjilik ni la Kiinuit na maana yake ni wenye jalidi. Lilichaguliwa kwa kushauriana na mzee mmoja wa kijiji cha Grise Fiord. Kifaru huyo hakuwa na pembe, na kimo chake kilikaribia kile cha kifaru wa India. Ndiye kifaru aliyepatikana kaskazini zaidi kuliko wote wanaojulikana. Jamaa zake wa karibu waliishi Ulaya, na kwa hiyo watafiti wanasema daraja la nchi kavu lililounganisha Ulaya, Greenland na Amerika huenda lilipitika kwa mamilioni ya miaka baada ya wakati uliodhaniwa.

Mirihi ya duniani

Ukavu, baridi, kutokuwepo mimea na kuwepo kwa kasoko yenyewe ndiyo mambo yaliyowavuta wanaotafiti sayari ya Mirihi. Tangu 1997, mradi wa Haughton-Mars unaoongozwa na mwanasayansi Pascal Lee, kwa ushirikiano na shirika la anga za juu la Marekani, NASA, umekuwa ukipeleka watu Devon wakati wa kiangazi ili kujaribu mavazi ya wanaanga, mitambo ya kuchimba na magari ambayo siku moja yaweza kutumika huko.

Chama cha Mars Society kiliweka kituo chake ukingoni mwa kasoko mwaka wa 2000. Kazi haikuanza vyema. Vifaa vilidondoshwa kwa miavuli kutoka ndegeni, na mzigo mmoja ukachomoka na kuanguka. Winchi, trela na sakafu za nyumba zikaharibika. Wajenzi walikamilisha nyumba hiyo kwa kubuni mbinu nyingine. Mnamo 2007, watu saba waliishi humo kwa miezi minne, na kwa mwezi mmoja wakaishi kwa siku za Mirihi, ambazo huzidi zetu kwa dakika 39 hivi.

Kufanana huko kumezua hata uvumi mtandaoni kwamba picha za Mirihi zinazotangazwa na NASA hupigwa Devon. Uvumi huo hauna mashiko. Lau wavumishaji wangetazama joto, wangeona kuwa wastani wa Mirihi ni takriban nyuzi 60 chini ya kuganda. Kwa kipimo hicho Devon ni mahali pa mapumziko. Jambo la kuangaliwa ni jingine. Waigizaji hawa wa Mirihi hufika na ndege, hula chakula cha makopo na huondoka kabla ya majira ya baridi. Waliopelekwa Devon miaka ya 1930 hawakuwa na nafasi hiyo.

Waliotangulia kufia huko walikuwa mabaharia wa Uingereza. Mwaka wa 1845, Sir John Franklin aliondoka Uingereza na meli mbili, Erebus na Terror, kutafuta njia ya kutoka Atlantiki hadi Pasifiki kupitia kaskazini. Watu 129 walioingia Aktiki wote waliangamia. Majira yao ya kwanza ya baridi waliyapitisha katika kisiwa kidogo cha Beechey, kilichounganishwa na kona ya kusini magharibi ya Devon kwa ukanda mwembamba wa changarawe. Waliacha makaburi matatu. Miili hiyo ilipofukuliwa mnamo 1984 na 1986 na Owen Beattie wa Chuo Kikuu cha Alberta, ilikuwa imehifadhiwa na ardhi iliyoganda kiasi kwamba nyuso zilitambulika. Meli zenyewe zilipatikana mbali kusini, moja mnamo 2014 na nyingine 2016. Leo makaburi ya Beechey hutembelewa na meli za watalii.

Bandari ya Dundas

Kisa kinachoeleza zaidi kwa nini Devon haikaliwi kilitokea katika pwani ya kusini, penye hori liitwalo Dundas Harbour. Baada ya vita vikuu vya kwanza, serikali ya Kanada ilianza kuhofia kwamba mataifa mengine yangedai visiwa vya kaskazini. Wawindaji kutoka Greenland, iliyokuwa chini ya Denmark, walikuwa wakivuka hadi Ellesmere kuwinda maskoksi, na wavumbuzi wa Marekani nao walipita huko wapendavyo. Kwa sheria za kimataifa za wakati huo, haikutosha kuonyesha ramani. Ilibidi dola ionekane ikifanya kazi mahali penyewe.

Hivyo basi, mnamo Agosti 1924 kikosi kidogo cha polisi kilifungua kituo Dundas Harbour, mahali panapotazama mlango wa kuingilia Lancaster. Wahalifu hawakuwepo wala raia wa kulindwa. Kazi ya askari hao ilikuwa kuwepo. Wawili kati yao walifia huko katika miaka ya 1926 na 1927, mmoja kwa mkono wake mwenyewe na mwingine kwa bunduki iliyofyatuka akiwa mawindoni. Kituo kilifungwa mnamo 1933.

Mwaka uliofuata, kampuni ya biashara ya manyoya ya Hudson's Bay ilikodi majengo hayo na, kwa idhini ya serikali, ikawahamishia huko Wainuit zaidi ya 50 kutoka Kinngait, iliyoitwa Cape Dorset wakati huo, pamoja na Pangnirtung na Pond Inlet. Walisafirishwa kwa meli ya Nascopie pamoja na mbwa wao. Kampuni ilitaka ngozi za mbweha weupe, na serikali ilitaka wakazi wa kuonyesha kwamba kisiwa kina watu. Ilikubaliwa kwamba mahali pakiwakataa, watu hao watarudishwa kwao.

Kwa mtazamo wa mtu aliyeko mezani na ramani, hesabu ilikuwa sawa. Maji ya Lancaster ni miongoni mwa yaliyojaa uhai zaidi katika Aktiki yote. Kuna nyangumi weupe, nyangumi wenye pembe moja ndefu iliyosokotwa kama kamba, sili, ndege wa baharini wasiohesabika, na dubu weupe wanaowafuata wote hao. Ingedhaniwa kuwa mwindaji hodari hawezi kulala njaa hapo.

Kilichosahauliwa ni namna maji hayo yanavyoishi. Mlango wa Lancaster ni mpana, na mikondo na upepo huyasukuma maji yake hata katikati ya baridi. Mahali pengine bahari huganda ikawa sakafu imara, na Wainuit husafiri juu yake kwa magari ya mbwa hadi kwenye matundu ya sili. Hapo Dundas, barafu ilivunjika, ikasukumana na kurundikana kama vifusi, au ikakataa kushika kabisa. Nyuma ya kambi palikuwa na milima na kuba la barafu. Wawindaji walijikuta wamebanwa katika kipande kidogo cha pwani, wakiyaona maji yenye mawindo na wasiweze kuyafikia. Mkondo ule ule unaoleta chakula cha nyangumi ndio uliowanyima watu njia.

Majira mawili ya baridi yalitosha. Mnamo 1936 kambi ilivunjwa. Watu wa Pangnirtung walirejeshwa kwao. Wale wa Kinngait, walio wengi zaidi, hawakupelekwa nyumbani kama ilivyokubaliwa. Walishushwa Arctic Bay, na mwaka wa 1937 wakapelekwa Fort Ross, kituo kipya cha kampuni, ambacho nacho barafu ilikizuilia meli mara kwa mara hadi kikafungwa katika miaka ya 1940. Hatimaye waliishia mahali paitwapo sasa Taloyoak, katika bara. Wazao wao wangali huko. Polisi walirudi Dundas Harbour mnamo 1945 na kuondoka tena 1951. Mabanda yao na makaburi mawili ndiyo mahame yaliyobaki.

Mtu angetarajia kwamba kisa hicho kingekuwa onyo. Mnamo 1953 na 1955, serikali ilihamisha familia nyingine za Wainuit, nyingi zikitoka Inukjuak kaskazini mwa Quebec, umbali wa takriban kilomita 2,000, na kuziweka Resolute na Grise Fiord, yaani katika visiwa vilivyo magharibi na kaskazini mwa Devon. Ziliahidiwa mawindo tele na ruhusa ya kurudi baada ya miaka miwili. Zilikuta giza la miezi mitatu ambalo hazikuwa zimelizoea, na ahadi ya kurudi haikutimizwa. Serikali ya Kanada iliomba radhi rasmi mnamo Agosti 18, 2010. Tofauti na Dundas, vijiji hivi vilidumu. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 183 Resolute na 144 Grise Fiord.

Ni watu wa vijiji hivyo, na wale wa Arctic Bay na Pond Inlet kusini, wanaokijua Devon leo. Huvuka kwenda kuwinda barafu inapokubali, kisha hurudi nyumbani. Kwa takwimu za serikali kisiwa hakina mkazi, lakini kwao ni shamba.

Na shamba hilo limewahi kutamaniwa. Njia ya Kaskazini Magharibi ambayo Franklin aliitafuta hupita moja kwa moja mbele ya pwani ya kusini ya Devon. Meli ya mafuta ya Marekani, Manhattan, ilipita humo mnamo 1969 ikivunja barafu, na tangu hapo Kanada na Marekani hazijakubaliana: Kanada husema hayo ni maji yake ya ndani, Marekani husema ni mlango wa kimataifa. Chini ya sakafu ya bahari kulidhaniwa kuna mafuta. Mnamo Agosti 2010, mwezi ule ule wa kuombwa radhi, serikali iliyoomba radhi ilikuwa inajiandaa kupeleka meli ya kupima miamba ya Lancaster kwa milipuko ya hewa, na chama cha Wainuit wa eneo la Qikiqtani kikaenda mahakamani kuizuia. Mahakama ya Nunavut iliwapa haki. Mnamo 2016 kampuni ya Shell iliachilia vibali vyake vya kutafuta mafuta katika eneo hilo.

Mnamo Agosti 2019 Wainuit na serikali walitia saini mkataba wa kuyahifadhi maji hayo, kilomita mraba zipatazo 108,000, kwa jina lile lile la zamani: Tallurutiup Imanga. Uchimbaji wa mafuta umepigwa marufuku humo, huku uwindaji wa Wainuit ukiruhusiwa. Walinzi wake, wanaoitwa Nauttiqsuqtiit, ni Wainuit wanaoajiriwa kutoka vijiji vitano vinavyolizunguka eneo hilo, zikiwemo Resolute na Grise Fiord. Hupima unene wa barafu, huandika wanyama na meli walizoziona, na nyama wanayoiwinda huigawa kijijini.